Sala Si Dawa ya Kugeuza Risasi

Mama mmoja alinifuata wodini Jumapili mchana, saa ya kuona wagonjwa. Yeye hakuwa na mgonjwa. Alikuwa ametoka alfajiri katika kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Nyasa, akapanda milima hadi Mbinga, mtoto mgongoni na kikapu cha usipa mkononi. Tulifahamiana siku alipojifungua mtoto huyo. Baada ya kuniamkia na kunipa usipa wangu, alifungua pindo la khanga akatoa chupa ndogo ya plastiki yenye maji.

"Sista, naomba uyaombee maji haya," alisema. "Nikiyanyunyiza mlangoni kwa mama mkwe, mdomo wake utafungwa."

Maji hayo aliyanunua kwa mhubiri aliyepita mnadani. Bei aliyoitaja ilinifanya nivute kiti nikae.

Kisa chake kilikuwa hivi. Mume wake ni mvuvi, na katika ukoo wa mume ni desturi kila msimu mtumbwi na nyavu kutiwa dawa, na watu wote wa nyumba kuionja. Mwaka ule mama huyu alikataa. Alikuwa amerudi kanisani kwa moyo wote baada ya kuzaa salama, na dhamiri yake haikumruhusu. Kwa bahati mbaya usipa wakawa haba. Giza la mwezi la kwanza wavuvi walirudi na ndoo mbili tu, la pili hivyo hivyo. Basi neno likazuka kwamba sala za mkamwana ndizo zinazofukuza samaki. Akakatazwa kwenda jumuiya. Rozari yake ikatupwa chooni. Mume, ambaye naye amebatizwa, akanyamaza kimya.

Sikuyaombea maji yale, wala sikuyamwaga. Nilimwambia, "Mdogo wangu, kaa kwanza tuzungumze." Akina mama wapendwa, mengi ya mazungumzo hayo yanatuhusu sisi sote, kwa kuwa ni wachache kati yetu ambao hawajawahi kupingwa kwa ajili ya imani: na mume, na wakwe, na majirani, pengine hata na watoto tuliowazaa.

MAJI YA MWAKA 1905

Sisi watu wa Ruvuma tunayo historia ya maji. Mwaka 1905, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, katika nchi ya Wamatumbi, aliwagawia watu maji akiwaahidi kwamba risasi za Wajerumani hazitawadhuru, zitageuka kuwa maji. Tusiwacheke wazee wetu. Walikuwa wamechoshwa na kodi, viboko, na kazi ya kulazimishwa katika mashamba ya pamba. Walitafuta nguvu ya kuwatoa katika mateso, kama mama huyu alivyotafuta yake mnadani. Maji yale yakasafiri kijiji kwa kijiji hadi yakafika huku Ungoni.

Risasi hazikugeuka. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa mapema mwezi Agosti mwaka ule ule. Tarehe 27 Februari 1906 wakuu wa Wangoni walinyongwa mjini Songea, miongoni mwao Nkosi Mputa Gama, na mwanamke mmoja, Nkomanile. Nduna Songea Mbano alifuata siku chache baadaye. Wajerumani walichoma vyakula na mashamba, njaa ikaingia, na wanahistoria wanakadiria kuwa waliokufa kwa vita na njaa ni kati ya watu 75,000 na 300,000.

Na upande wa Wakristo je? Tarehe 14 Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliuawa pale Mikukuyumbu, sehemu za Liwale, akiwa safarini kutoka Kilwa kwenda Peramiho. Pamoja naye waliuawa mabruda wawili na masista wawili, Sista Felicitas na Sista Cordula. Mwezi uliofuata misheni ya Peramiho ilichomwa moto, na Padri Franziskus Leuthner akauawa. Sasa, nani atasema kwamba watu hawa hawakusali? Siku ya Mbenediktini imekatwa vipande vipande kwa sala, tangu kabla ya jogoo hadi kulala. Nina hakika hata asubuhi ile walisali.

Basi maji ya Kinjikitile hayakugeuza risasi, na sala za watumishi wa Mungu hazikugeuza mikuki. Nilimwambia mama yule waziwazi: ikiwa sala ni kinga ya namna hiyo, kitu cha kunyunyiza ili adui asikuguse, basi hata sisi tumedanganywa kama waliodanganywa mwaka 1905, na afadhali tukubali hivyo. Lakini ikiwa sala ni kitu kingine, inatupasa tujue ni kitu gani kabla hatujapigwa mkuki wa kwanza.

Kuna jambo jingine katika historia ile ambalo hatupendi kulisimulia siku za jubilei. Kabla ya vita, mmisionari mmoja wa Peramiho alichoma kijumba cha mahoka cha Nkosi Mputa, mahali ambapo Wangoni waliheshimu roho za wakuu wao. Pengine aliona anapigana na shetani. Lakini Mputa aliona mgeni akichoma kaburi la babu yake. Sisemi kwamba kwa ajili hiyo ilikuwa halali kuua. Nasema tu kwamba upinzani mwingine tunauwasha kwa kiberiti chetu wenyewe, kisha tunashangaa moshi.

Nikamwuliza mama, "Siku ile ulipokataa dawa, ulisema maneno gani?"

Akainamisha macho. Akasema aliwaambia wazee, mbele ya wageni na watoto, kwamba dawa yao ni kinyesi cha shetani na kwamba baba mkwe atakwenda kuungua.

"Ungeweza kukataa bila kusema hayo?"

"Ningeweza," alijibu polepole. "Lakini nilijisikia vizuri."

Nilimpenda kwa ukweli wake. Wengi wetu tumewahi kujisikia vizuri namna hiyo.

WALIOMBA NINI?

Hebu tuangalie Kanisa la kwanza. Katika Matendo ya Mitume sura ya 4 tunasoma jinsi Petro na Yohane walivyotishwa na baraza la wakuu wasihubiri tena kwa jina la Yesu. Walipoachiliwa walirudi kwa wenzao, wakasali pamoja. Yafaa kuisoma sala hiyo kwa makini, ukiwa na kalamu mkononi. Wanamweleza Mungu vitisho vile. Hawavifichi. Lakini linapofika neno la kuomba, hawaombi vitisho viondolewe, wala midomo ya wakuu ifungwe, wala Kayafa avunjike mguu. Wanaomba wao wenyewe wapewe ujasiri wa kuendelea kusema.

Sura ya 12 inatuhusu zaidi sisi akina mama, kwa sababu mkutano wa sala ulikuwa nyumbani kwa mama mmoja, Mariamu mama yake Yohane Marko. Petro alikuwa gerezani, wakakesha wakisali, malaika akamtoa. Alipobisha hodi, msichana Roda alifurahi mno akasahau kufungua mlango, na hao hao waliokuwa wakimwombea wakasema msichana amerukwa na akili! Tunaipenda habari hii, na kwaya zetu zinaiimba. Lakini mara nyingi tunaruka mistari miwili ya mwanzo wa sura hiyo: Herode alikuwa amekwisha kumwua Yakobo, ndugu yake Yohane, kwa upanga.

Je, Yakobo hakuombewa? Kanisa lilikuwa lile lile, na Mungu yule yule. Mimi kila nikifika hapo humkumbuka mama yake. Ndiye yule mama wa wana wa Zebedayo aliyemwendea Yesu kuwaombea wanawe viti, mmoja kulia na mmoja kushoto. Aliomba kama tunavyoomba sisi: mwanangu afaulu, mwanangu apate cheo. Akaambiwa habari ya kikombe. Baadaye alisimama kwa mbali akiutazama msalaba, kama Mathayo anavyoandika. Ikiwa alikuwa hai bado siku ile Herode alipofanya kazi yake, basi alisikia kwamba Petro ametolewa na malaika, na mwanawe hakutolewa. Mama aliyefiwa na mtoto wodini, huku kitanda cha jirani mtoto amepona, anaelewa habari hii kuliko mhubiri. Sina maelezo ya kumpa mama kama huyo. Ninapokuwa zamu hukaa naye tu, na akitaka kusali tunasali.

MZEE WA LIULI

Mama yule anatoka mwambao, kwa hiyo nilimkumbusha kaburi analolifahamu. Pale Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa ajili ya jiwe kubwa la ziwani, amezikwa Padri William Percival Johnson wa misheni ya Kianglikana ya UMCA. Alifika Unguja mwaka 1876 akiwa kijana, na tangu miaka ya 1880 mwanzoni maisha yake yalikuwa ziwani.

Yaliyompata ni mengi. Mwaka 1881 alifukuzwa Mwembe, kwa Mataka, mali zake zikaporwa, kwa sababu ya ghadhabu juu ya msafara wa watumwa uliokamatwa pwani. Mwaka uliofuata mwenzake, Charles Janson, alikufa mara tu walipofika ziwani. Kisha macho yakaugua; jicho moja likapofuka kabisa na jingine likabaki na mwanga kidogo tu. Mwaka 1888 watu wa Makanjila walimkamata pamoja na John Buchanan, kaimu balozi wa Uingereza, wakavuliwa nguo na kuwekwa kizuizini hadi walipolipiwa fidia. Agosti 1895 mwenzao George Atlay aliuawa na wapiganaji wa Kingoni upande wa mashariki ya ziwa. Inasimuliwa kwamba alikuwa na bunduki na hakupiga hata risasi moja. Tarehe 2 Septemba, Askofu Chauncy Maples, rafiki wa Johnson tangu masomoni, akazama ziwani katika dhoruba pamoja na Joseph Williams.

Mtu mwingine angesema sala hazisikilizwi huku, na angepanda meli arudi kwao. Johnson, karibu kipofu, aliendelea kutembelea vijiji vya mwambao kwa meli na kwa miguu, akitafsiri Biblia katika Kinyanja, mpaka alipofariki Liuli mwaka 1928. Hesabu miaka hiyo. Na tusidhani alikuwa peke yake. Walimu na mapadri Waafrika walibeba kazi ile, kama Padri Augustino Ambali, ambaye utotoni alikamatwa na wauza watumwa kabla ya kukombolewa.

Sisi Wakatoliki wa milimani hatukuzoea sana kusimulia habari za Waanglikana wa ziwani, wala wao habari zetu. Kwangu mimi hiyo nayo ni hasara.

NYUMBANI KWETU

Mataka na Makanjila hawapo. Lakini adui anayelala kitanda kimoja nawe, au anayekuamuru kutoka jiko la jirani, ni mgumu kuliko Makanjila, kwa sababu hakuna fidia ya kukukomboa. Na hapo ndipo sala yetu inapoharibika kwa urahisi.

Nimeshuhudia novena ikifanywa ili hawara wa mume augue. Nimeona mama akisali usiku kwa sauti kubwa, "Ee Bwana, mbadilishe mlevi huyu aliyelala hapa," huku mlevi amefumba macho anasikiliza kila neno. Hiyo si sala, ni hotuba, na Mungu ametumiwa kama kipaza sauti. Tena kuna ile ya katika jumuiya: "Wapendwa, tumwombee dada fulani, mnajua mume wake amefanya nini?" Baada ya hapo dakika kumi za habari, na Salamu Maria moja. Jumuiya za namna hiyo zimevunja nyumba ambazo wakwe hawakuweza kuzivunja.

Jambo jingine lisemwe wazi, na hapa nasema kama mwuguzi. Mama anayepigwa kwa ajili ya kwenda kanisani, au kwa ajili ya chochote kile, hatakiwi kunyamaza eti ndiyo msalaba wake. Nimeshona nyuso nyingi usiku, na wengine wanasema wameanguka kisimani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Katiba yetu, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa kuabudu, naye mke ni mtu. Vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto, na fomu ya PF3 ipo kwa ajili ya majeruhi. Ukiwa na jeraha kubwa njoo kwanza utibiwe. Mtume Paulo alisali kuliko sisi, lakini walipomfunga kamba ili wampige mijeledi aliwauliza kama ni halali kumpiga raia wa Roma, na baadaye akakata rufani kwa Kaisari. Hakuna aliyemwambia amepungukiwa imani.

Vivyo hivyo kwa mtoto mgonjwa. Bibi anataka mtoto mwenye degedege apelekwe kwa mganga, mama mlokole anataka akeshe akiombewa, na wote wawili wanamwona mwenzake ndiye mpinzani wa Mungu. Huku nyuma malaria inapanda kichwani na saa zinakwenda. Mleteni hospitali! Mmoja ambebe, mwingine asali njiani. Nimewahi kuwapokea bibi na mama waliofika bado wanagombana, mtoto amekwisha poa mikononi. Mnisamehe, sitaendelea na hilo.

KUMWOMBEA ANAYEKUPINGA

Kristo ametuagiza kuwaombea wanaotuudhi, na Stefano alifanya hivyo mawe yakimwangukia. Katika siku zetu alikuwepo Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda. Baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa Februari 1977, Kivengere na mkewe Mera walikimbia usiku, sehemu ya mwisho kwa miguu, wakavuka milima hadi Rwanda. Baadaye alisimulia kwamba moyo wake ulikuwa umejaa uchungu, na kwamba siku ya Ijumaa Kuu huko London alitambua hawezi kusikia habari za msalaba huku amemchukia Idi Amin. Mwaka ule ule alitoa kitabu ambacho jina lake ni tamko la kumpenda Amin. Watu walishangaa. Amin aliendelea kuua; hakubadilika kwa sala hiyo. Aliyebadilika ni Kivengere, akaweza kurudi Uganda mwaka 1979 kuwahudumia watu wenye majeraha bila kuongeza majeraha mengine.

Nilipomweleza mama yule habari hii alicheka kidogo. Akasema, "Sista, Amin alikuwa mbali. Mama mkwe wangu tunatumia kinu kimoja."

Alisema kweli. Tulisali pamoja pale kwenye benchi la nje ya wodi, kwa kifupi, kwa kuwa zamu yangu ilikuwa inaanza. Tulimwomba Mungu ampe ujasiri wa kukataa dawa msimu ujao pia, na ulimi wa kukataa bila matusi. Tukamtaja mama mkwe kwa jina lake la ubatizo, ambalo mkamwana alilikumbuka kwa shida. Tukamwombea na mume aliyenyamaza. Kisha nikamwambia akifika nyumbani aende kwa baba mkwe na mtu mzima mmoja wa jumuiya, apige magoti, aombe radhi kwa maneno ya siku ile. Maneno tu, si kukataa kwake. Chupa alirudi nayo.

Miezi minne baadaye alikuja tena kumpima mtoto uzito. Nilimwuliza habari za nyumbani. Radhi aliomba. Baba mkwe aliipokea, akasema mkamwana huyu anajua adabu ila ana kichwa kigumu. Mama mkwe bado hataki kusikia habari za jumuiya, na maneno ya samaki hayajaisha, ingawa usipa walipatikana vizuri giza la mwezi uliopita na hakuna aliyesema ni kwa sala za nani. Siku moja mume alimwambia, bila kumtazama, "Leo si Alhamisi? Mbona hujaenda kusali kwenu?" Tangu hapo anakwenda. Yeye mume haendi.

"Na yale maji?" nikamwuliza.

Akasema aliyamwaga shambani kwenye muhogo, na chupa sasa anatilia mafuta ya taa ya kuwashia moto. Hapo nikamgombeza kwelikweli. Chupa ya maji isitiliwe mafuta ya taa kamwe, watoto huidhania ni ya kunywa, na mwezi ule peke yake tulikuwa tumewapokea wawili. Aliahidi kuitupa siku ile ile.